Uzi: Daktari wa dharura ana haja gani ya kujua unapika na nini?

1/ Kila mjadala wa afya ukianza hapa mtandaoni, huishia mahali pamoja. Mmoja anasema madaktari wana roho mbaya. Mwingine anajibu kwamba shida si madaktari, shida ni serikali haitoi pesa. Halafu anakuja wa tatu kufunga mjadala: "Tuache siasa kwenye hospitali." Leo nataka tuongee na huyo wa tatu. Mimi si daktari, nasoma sayansi ya siasa. Sitataja chama wala mwanasiasa yeyote, na ukimtaja wako kwenye maoni sitakujibu. Twende.

2/ Swali lenyewe ni hili. Wanaofunzwa kutibu dharura, yaani daktari, ofisa wa kliniki, muuguzi na mhudumu wa ambulensi, wafundishwe pia jinsi umaskini, umbali, lugha, kazi na nyumba ya mgonjwa vinavyomfikisha pale kitandani? Ama hayo tuwaachie wanasiasa, wao washughulike na damu na mifupa? Jibu langu ni wafundishwe. Lakini kuna mtego ndani yake, nao nimeuwekea namba 17.

3/ Nianze na shosho yangu. Sisi ni watu wa Kanja, upande wa Runyenjes, Embu. Huku juu ni chai na baridi ya mlima. Shosho ana pumu. Mwaka mmoja, kati ya Juni na Agosti, tulimkimbiza hospitali usiku mara nne. Ni boda, yeye katikati na blanketi, mimi nyuma nimemshika asianguke. Akifika anawekewa mashine ya mvuke wa dawa, kifua kinafunguka, kukipambazuka tunarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili, tatu, tuko pale tena.

4/ Mara ya tatu sista alifungua kile kitabu chake cha hospitali, akasoma, akamwambia, "Cucu, wewe hufuati dawa. Unataka kufa?" Kisha akaandika hivyo hivyo: mgonjwa hafuati maagizo. Shosho hakujibu kitu. Wazee wa huku hawabishani na mtu wa hospitali. Mimi nilikasirika, lakini nitasema ukweli: njiani tukirudi hata mimi nilikuwa nikijiuliza, kwani huyu mzee hafuati dawa kwa nini?

5/ Mara ya nne tulimkuta ofisa wa kliniki, kijana tu. Alingoja kwanza apumue vizuri, kisha akamuuliza kwa Kiembu. Cucu, unapika na nini? Kuni, ndani, na wakati wa baridi mlango unafungwa. Dawa ulinunua zote mbili? La, moja. Kumbe alikuwa ameandikiwa pampu mbili: ya bluu ya kufungua kifua kikishabanwa, na ya kahawia ya kuvuta kila siku ndiyo kisibanwe. Pesa zilitosha moja. Akachukua ya bluu kwa sababu hiyo unaiona ikifanya kazi papo hapo. Ningekuwa mimi ningechukua hiyo hiyo.

6/ Swali la mwisho: nani alikuonyesha jinsi ya kuvuta? Hakuna. Yule kijana akachukua chupa ya plastiki, akaitoboa chini, akaweka pampu kwenye tundu na kumwonyesha shosho avutie mdomoni mwa chupa ili dawa ifike kifuani isiishie kwenye ulimi. Akasema ya bluu bado unayo, pesa inayofuata inunue ya kahawia. Halafu akanigeukia: "Na wewe, hilo jiko lipate dirisha wiki hii." Jumamosi tulitoboa ukuta wa mbao. Tangu siku hiyo hadi mwaka kuisha tulirudi usiku mara moja tu.

7/ Sasa linganisha. "Hafuati maagizo" inakuambia mgonjwa ni mkaidi, na dawa ya mkaidi ni kufokewa. "Alimudu pampu moja, na anapika ndani kwa kuni" ni habari ya kitabibu kama vile presha na joto la mwili, kwa sababu inabadilisha unachomfanyia. Yule sista hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesimama usiku kucha na foleni iko mlangoni. Ila shosho alipata maswali sahihi kwa bahati, kwa kuwa siku hiyo zamu ilikuwa ya kijana fulani. Afya ya umma haiwezi kutegemea zamu.

8/ Tuje kwa darasa langu kidogo. Mwaka 1936 mwanasayansi wa siasa wa Marekani, Harold Lasswell, alieleza siasa kwa maswali: nani anapata nini, lini na kwa njia gani. Sasa ingia chumba chochote cha dharura. Mtu wa kwanza unayekutana naye anapanga wagonjwa: huyu aingie sasa, huyu angoje, huyu akae benchi. Ni maswali ya Lasswell yale yale. Kwa hivyo siasa kwa maana ya kugawana kidogo kilichopo imeshaingia hospitali, haikungoja ruhusa yetu. Kilichobaki ni kuuliza kama anayegawa amefundishwa kugawa kwa haki.

9/ Na haki si sawa na kumpa kila mtu kitu kilekile. Chumba cha dharura kinalijua hilo kuliko bunge lolote: aliyekuja saa moja na kidole kilichokatwa atampisha aliyefika saa tatu akiwa hapumui. Hakuna anayelalamika kwamba ameonewa, kila mtu anaona mantiki. Haki ya afya ni mantiki hiyo hiyo ikisogezwa nje ya mlango: anayetoka mbali na bila pesa anahitaji kufanyiwa zaidi ili apate matokeo sawa na wa mjini.

10/ Kuna chombo kizuri cha kufundishia jambo hili. Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine, wakichunguza vifo vya wajawazito, walieleza kuchelewa kwa aina tatu. Kwanza, kuchelewa kuamua kwenda hospitali. Pili, kuchelewa kufika. Tatu, kuchelewa kutibiwa ukiwa umeshafika. Leo hutumiwa hata nje ya uzazi. Mwanafunzi akiuliza kuhusu kila mgonjwa wa dharura, "huyu alichelewa wapi kati ya hizi tatu?", ataacha kuuliza "kwa nini umekaa nyumbani muda wote huu?" kwa ile sauti tunayoijua.

11/ Lete hapa kwetu. Kaunti ya Embu ni moja lakini maisha ni mawili. Juu ni chai na kahawa, mvua na vijiji vilivyobanana. Chini ni Mbeere, ardhi kavu, nyumba ziko mbalimbali, na nyoka si hadithi. Hospitali kubwa, Embu Level 5, iko mjini. Mtu aliyeumwa na nyoka jioni mbali na lami hucheleweshwa na giza, nauli, na pengine jirani anayeshauri mguu ufungwe kamba hadi uwe mweusi. Mhudumu asiyejua njia hiyo ataona uzembe. Anayeijua atauliza saa ya tukio, ataangalia kama kamba bado imekaza, na atawapigia simu wanaompokea mapema.

12/ Ama ukumbuke tarehe 24 Julai 2022. Basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia kutoka daraja la Nithi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Kwenye ajali za barabara zetu, anayefika kwanza kwa kawaida ni mwenyeji: mkulima, mwenye kibanda, kijana wa boda. Hivyo tukisema "mafunzo ya dharura" tusifikirie koti jeupe peke yake. Mafunzo yanayojali haki huanza kwa kuuliza: ambulensi ikiwa mbali, nani yuko karibu, na tumemfundisha nini?

13/ "Lakini hii ni huruma tu, si sheria." Hapana. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haikuweka masharti ya pesa, kadi wala kaunti unayotoka. Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua kwamba matibabu ya dharura ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kutuliza hali ya mgonjwa, na kupanga ahamishwe inapobidi. Hospitali yenye uwezo ikikataa, faini inaweza kufika shilingi milioni 3. Wangapi kati yetu tulikuwa tunajua hivyo tukisimama pale dirishani tukiambiwa "lipa kwanza"?

14/ Sheria kwenye karatasi ina mipaka, nayo tuliiona Oktoba 2015. Katiba ilikuwa na miaka 5 tayari. Mwanamume aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi saa 18 jijini Nairobi akitafutiwa kitanda, na mwishowe akafa. Mwezi mmoja kabla, Septemba 2015, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba wanawake wawili waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kukosa kulipa bili walivunjiwa haki zao. Mtu akikumbuka hadithi kama hizo, kuamua kubaki nyumbani si ujinga. Ni hesabu. Hapo kuchelewa kwa tatu kunazaa kuchelewa kwa kwanza.

15/ Na kuna upendeleo ambao hata mwenye nao hauoni. Mwaka 1993 utafiti wa hospitali moja Los Angeles uliangalia watu waliofika dharura wakiwa wamevunjika mifupa mirefu. Wenye asili ya Amerika ya Kilatini, asilimia 55 hawakupewa dawa yoyote ya maumivu. Weupe, asilimia 26. Mfupa ni mfupa, lakini uchungu wa mmoja uliaminiwa kuliko wa mwingine. Matokeo kama hayo ndiyo yalisaidia vyuo vya kule kuanza kulichukulia suala hili kama sehemu ya kazi ya daktari.

16/ Sisi letu si rangi. Letu ni nguo, lugha, umri na harufu. "Huyo amelewa, wacha alale." Umesikia mara ngapi? Sukari ikishuka sana mtu huyumba na kuropoka kama mlevi. Damu ikivuja ndani ya kichwa, vivyo hivyo. Na mlevi naye anaweza kuwa amepigwa kichwani. Februari 2024 jirani zetu wa Kangai, Kirinyaga, walizika zaidi ya watu 10 waliokunywa pombe yenye sumu. Mtu wa namna hiyo akifika na kuambiwa alale, anaweza kuamka kipofu au asiamke. Kipimo cha sukari ni tone la damu. Kinachozuia kipimwe ni dharau.

17/ Sasa ule mtego. Serikali yoyote inapenda mafunzo kwa sababu ni nafuu. Unaita watu ukumbini, chai na mandazi, vyeti, picha, na kwenye ripoti unaandika kwamba haki ya afya imefundishwa. Wakati huo ambulensi imesimama nyuma ya hospitali haina mafuta. Ukimfundisha yule ofisa wa kliniki kuuliza kama mgonjwa amemudu dawa, halafu duka la dawa la hospitali ni tupu, umemfundisha tu kuumia na mgonjwa. Wanaosema mambo haya ni kumtwika mhudumu mzigo wa serikali wana hoja, na naiheshimu.

18/ Kinachofanya mtego huu uwe rahisi ni mgawanyo wa kazi. Soma Jedwali la Nne la Katiba. Sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali ya taifa, na vyuo vikuu pia. Vituo vya afya vya kaunti na ambulensi ni za kaunti. Maana yake, anayemfundisha daktari si yule anayejaza mafuta kwenye ambulensi. Kila mmoja ana wa kumsukumia. Kwenye mjadala wa runinga utasikia wa taifa akilaumu kaunti na wa kaunti akilaumu mgao, na mtangazaji anaenda matangazo.

19/ Ongeza pesa ya mgonjwa. Tangu Oktoba 2024 tuko kwenye SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara alipangiwa kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, lakini alipe ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Kwa anayechuma chai ya wenyewe kwa kilo, tofauti ya 300 na 3,600 ni kubwa kuliko hesabu inavyoonyesha. Sheria hiyo ya 2023 pia iliunda mfuko wa kugharamia dharura na magonjwa sugu. Kwa hivyo mwanafunzi anayefunzwa dharura leo anapaswa kujua mfuko huo unafanya kazi vipi, maana mgonjwa wake hajui, na atakimbia usiku akiogopa bili.

20/ Je, kuna mahali panapofundisha hivi? Vipande vipo. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kimekuwa kikipeleka wanafunzi wa udaktari vijijini kujifunza na kuhudumu tangu shule yake ianze mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tanzania ilifungua idara kamili ya dharura Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huo huo ikaanza kuwafunza mabingwa wa fani hiyo pale pale. Kenya ina sera ya huduma za dharura ya 2020 hadi 2030. Kinachobaki ni kuunganisha: kile mwanafunzi alichokiona kijijini kisiachwe mlangoni anapoingia chumba cha dharura.

21/ "Hakuna muda, mgonjwa anakufa wewe unauliza habari za kuni." Hoja nzuri, na jibu ni rahisi. Hakuna anayeuliza kuni wakati mtu hapumui. Njia ya hewa kwanza, pumzi, mzunguko wa damu, kisha mengine. Lakini kozi ya msingi ya dharura iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu mwaka 2018 tayari inafundisha maswali ya kumuuliza kila mgonjwa: dalili, mzio, dawa anazotumia, magonjwa ya nyuma, alikula lini mwisho, na nini kilitokea. Kwenye "dawa anazotumia" ongeza maneno mawili tu: umeweza kuzinunua? Kwenye "nini kilitokea" ongeza: umefikaje hapa?

22/ Na kabla ya kumruhusu arudi nyumbani, maswali matatu mengine. Utarudije? Nani yuko nyumbani? Nilichokuandikia kinawezekana kwako? Hayo hayahitaji mashine. Yanahitaji mwalimu ambaye atayauliza mbele ya wanafunzi kila siku, na mtihani utakaoyatoza alama. Kisichotahiniwa hakisomwi, sisi wanafunzi tunajijua.

23/ Kwa hivyo mgombea akija kwenu na ahadi ya "afya kwa wote", msishangilie haraka. Muulizeni manne. Ambulensi za kaunti hii ni ngapi zinazotembea leo, si zilizonunuliwa? Nani anafundisha watu wa boda na wenyeji huduma ya kwanza? Wahudumu wa dharura wanapimwa vipi kuhusu wanavyomtendea mgonjwa maskini? Na mtu akinyimwa matibabu ya dharura usiku wa manane, analalamika wapi na anajibiwa baada ya siku ngapi? Akijibu manne hayo bila kutaja wapinzani wake, mnaweza kupiga makofi.

24/ Mtu aliniambia nikiandika hivi nasema wahudumu wetu ni wabaya. La. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya mambo makubwa ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi, hao hao tunaowakuta zamu ya usiku. Huwezi kumwomba mtu amwone mgonjwa kama binadamu mzima wakati wewe mwenyewe unamwona kama namba ya kupunguza kwenye bajeti. Haki ndani ya chumba cha dharura ni ya pande zote mbili za kitanda.

25/ Shosho bado yupo. Bado anapika kwa kuni, gesi anasema inaharibu ladha ya githeri, lakini moshi unatoka dirishani. Ile chupa ya plastiki iko juu ya kabati, ameifunika kwa kitambaa alichoshona mwenyewe. Kitabu chake cha hospitali bado kina yale maneno, mgonjwa hafuati maagizo, na chini yake kuna mstari wa yule kijana: anapika ndani kwa kuni, dawa moja tu, ameonyeshwa kuvuta. Kila anayekifungua sasa anasoma yote mawili.

26/ Nimefika mwisho. Kama unafanya kazi hospitali na nimekosea mahali, nirekebishe hapo chini, nitasoma. Kama una shosho wako, tuambie alichelewa wapi kati ya zile tatu. Matusi peleka kwingine.